Masika Jirani Alipoishika Ndoano

Watu wa kijiji chetu wakianza habari za jirani yangu wanasema ni mimi niliyemfundisha kuvua, kwa sababu mimi ni Mjaluo. Huo ni uongo, na nimechoka kuukanusha kila siku ya gulio. Mimi nimezaliwa juu huko Migori, kwenye mashamba ya tumbaku, na maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya tangi la shule. Samaki namjua akiwa ameshakufa. Namjua kwenye kikaango na kwenye beseni, namjua kwa harufu akiwa amelala kwenye barafu siku nyingi kuliko anavyodai aliyemleta. Lakini Mkurya akimwona Mjaluo anaona ziwa zima. Basi jirani alipokuja kwangu asubuhi moja akaniuliza ndoano inafungwaje, nilimwambia ukweli kwamba sijui, na mpaka leo nadhani hakuniamini.

Nitamwita jirani tu. Kwetu hapa mwanamke anaitwa kwa mwanawe, Mama Chacha, Mama Bhoke, na yeye hakujaliwa kuzaa. Vijana walimwita mama, wazee walimwita mke wa marehemu, mimi nilimwita jirani nikiwa namsema na mama nikiwa mbele yake. Yeye aliniita Mjaluo, hata mbele ya mchungaji wa kanisa.

Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa minyaa. Tuko upande wa Tarime, chini ya Nyamwaga, pale mteremko unapoanza kuelekea Mto Mara. Ukisimama nyuma ya jiko lake unaona ng'ambo kwa watu wa Serengeti, na wakichoma mabua huko Busawe moshi unatufikia sisi.

Hakuwa mtu wa maneno mazuri, hilo niliseme mapema. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, halafu papo hapo akakuambia umenenepa vibaya, au mtoto wako ana kamasi. Nilipofiwa na mama yangu alikuja kwangu akakaa matanga yote. Alipika uji wa waombolezaji, aliosha masufuria, aligombana na binamu zangu waliokuwa wanamwaga maji ovyo. Neno pole halikumtoka. Siku anaondoka alisema masufuria yangu ni mepesi mno, ndiyo maana yanaunguza. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Baadaye nilimwelewa, ila kumwelewa hakukuniondolea hasira yote, kwa sababu mtu aliyefiwa anahitaji pia kusikia kitu.

Mikono yake ndiyo iliyokuwa na huruma. Ng'ombe jike akikwama kuzaa, waliitwa madaktari wa mifugo, na kabla hawajafika aliitwa yeye. Alikuwa anapaka mkono mafuta mpaka kiwiko, anamtuliza yule mnyama kwa kumsugua chini ya shingo, na ng'ombe alikuwa anamsikiliza. Nimeona kwa macho yangu dume la mume wangu, ambalo lilikuwa halishikiki, limesimama kimya huku yeye analitoa mwiba kwenye kwato na kulitukana.

Mume wake alikufa zamani, akamwachia ng'ombe bila mtoto. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo ana njia yake. Anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto atakaowazaa yule binti, kwa mwanaume yeyote, wanakuwa wa nyumba ile na wanabeba jina la marehemu. Wanaiita nyumba ntobhu. Mimi nilipoolewa huku nikaisikia mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu akanikanya. Siku hizi sicheki. Nimeona nyumba zilizosimama kwa njia hiyo na nimeona zilizoanguka, kama ndoa nyingine zote.

Binti aliyemwoa aliitwa Ghati, anatoka Itiryo. Msichana mrefu, mweusi mzuri, mwenye sauti ya kwaya. Akiimba huku anafua nguo, wapita njia walipunguza mwendo. Alizaa mtoto wa kiume na mtoto akapewa jina la marehemu. Jirani, ambaye sikuwahi kumsikia akimtania mtu, alimtania huyo peke yake. Asubuhi alipita dirishani akauliza, "Mume wangu ameamka?" Mtoto alicheka kule ndani, naye akaendelea na njia yake uso umekunjamana vilevile.

Halafu ng'ombe wakaibwa. Sisi wa huku wizi wa ng'ombe si habari ya kumshangaza mtu, lakini ukifika kwako ni kama hujawahi kuusikia. Wanaume walifuata nyayo mpaka kwenye mawe karibu na mpaka, nyayo zikaishia hapo. Zizi likabaki na mbu. Ghati alikuwa amezoea maziwa, mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na kwenye nyumba ile mboga ikawa mlenda leo, mlenda kesho. Ghati akasema kisimani kwamba kwao Itiryo watu wanakunywa maziwa, na kwamba yeye hakuolewa ili mwanawe akonde. Kabla ya jioni maneno yale yalikuwa yameshamfikia jirani, maana kisima chetu hakina siri.

Ndugu wa marehemu nao walikuja kumpa pole. Walikaa kidogo, wakanywa uji, wakatembea mpaka mwisho wa shamba lake wakasimama wanaliangalia. Kila mtu alijua kwamba Ghati akirudi kwao na mtoto, nyumba ile imekwisha, na shamba lile litapata wenyewe wengine. Jirani alijua kuliko wote. Kesho yake ndipo alipokuja kwangu na ndoano aliyoinunua Nyamwaga, imefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Sasa niseme alivyoanza, maana alianza vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akianza kitu.

Mto aliujua tangu utoto, lakini aliujua kama mchungaji. Kwake mto ulikuwa sehemu moja, pale ng'ombe wanaponyweshwa, na saa moja, pale jua linapokuwa kichwani. Akaenda hapo, saa hizo. Ng'ombe wa watu wanaingia majini, wanakojoa, wanavuruga matope, yeye amesimama katikati yao na fimbo yake yenye uzi. Wachungaji walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja alimuuliza kama anataka kumvua ng'ombe aliyeibiwa. Alimjibu maneno ambayo sitayaandika, akarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake akaenda tena pale pale. Haikumwingia akilini kwamba mto una asubuhi. Maisha yake yote asubuhi ilikuwa ya kukamua.

Kosa la pili lilimwachia kovu. Ukimpeleka ndama mkaidi unazungusha kamba kwenye kifundo cha mkono ili asikuponyoke. Naye akauzungusha mshipi hivyohivyo, uzi wa nailoni, mara nyingi. Kambare wa kwanza kumshika alikuwa mkubwa. Samaki akavuta, jirani akavuta, samaki akazidi na yeye akazidi, kwa sababu hakuna mnyama aliyewahi kumshinda kuvuta. Uzi ukaingia kwenye nyama kisha ukakatika. Alikuja jikoni kwangu damu inachuruzika mpaka kiwiko, amekasirika, anamlaumu mwenye duka. Nilimwosha kwa maji ya chumvi nikamfunga kitambaa. Nikamwambia, mama, samaki si ndama.

"Nimeona," akasema. "Hana pembe za kushika."

Mtu mwingine angeacha. Yeye alibadilisha mkono.

Kilichomsaidia ni mtu wa ng'ambo. Kulikuwa na mwanaume mmoja upande wa Serengeti, mzee wa makamo, aliyekuwa anavua kwenye miamba mkabala na sisi. Hawakuwahi kuongea, mto ni mpana na una kelele, na jirani hakuwa wa kumpungia mkono mwanaume asiyemjua. Alimwangalia tu. Aliona kwamba yule bwana anakuja alfajiri na jua likipanda sana anaondoka. Aliona kwamba anakaa chini, hasimami, na kivuli chake anakiweka nyuma yake. Aliona hatupi ndoano kwenye maji yanayokimbia, anaitupa nyuma ya jiwe, pale maji yanapogeuka na povu linazunguka. Kila alichokiona alikuja kuniambia mimi huku nakaanga, kwa sauti ya kulalamika, kana kwamba yule bwana anamwibia.

Mimi nilimsaidia kitu kimoja tu. Nilikuwa nimesikia kwa wauza samaki wa Shirati kwamba kambare anapenda sabuni. Nikamwambia. Akafikiri namcheka, akanipa kisogo siku nzima. Baadaye nikaona mche wangu wa sabuni umekatwa kona. Maji yalikuwa mazito ya mvua, na kwenye maji mazito kambare haoni, ananusa, kwa hiyo sabuni ilifanya kazi vizuri. Maji yalipoanza kusafika ikagoma, akahamia kwenye nyungunyungu aliowachimba kwenye migomba yangu bila kuniomba, kisha kwenye panzi. Hakuwa na kiburi na chambo. Kilichokataa leo hakukilazimisha kesho, na mimi niliyemfahamu nyumbani nilishangaa.

Masika yale alijua mambo mengi. Alijua kwamba mvua ya kwetu si kitu, mvua ya Kenya ndiyo inayoleta maji. Akisikia ngurumo upande wa mpaka aliacha chungu motoni akateremka, kwa sababu mto ukianza kupanda, kabla haujabeba miti, kambare wanasogea ukingoni kula yanayosombwa. Saa ile ni fupi. Ukichelewa unakuta magogo. Alifunga nati ya baiskeli iwe uzito, akakata kipande cha kandambili kikawa boya, kisha boya akalitupa, akasema linamdanganya. Akawa analaza mshipi juu ya kidole cha shahada anasikiliza kwa kidole. Jiwe lina namna yake ya kukamata, jani lina namna yake, na kambare anagusa, anaacha, anagusa, anaacha, kisha anaondoka na chambo taratibu kama mtu aliyeaga. Hapo ndipo unamwacha aende. Akishakwenda kidogo ndipo unainua mkono, usivute, unainua tu. Alinionyesha kwa kutumia kamba ya kuanikia nguo, mimi nikiwa samaki. Kidole chake kilikuwa chepesi kuliko nilivyotegemea.

Hakumwogopa mamba wala hakumdharau. Alikaa mbali na maji, juu ya mwamba, na hakurudia mahali siku mbili mfululizo. "Mamba ni mfugaji kama sisi," aliniambia, "anaijua saa ya kunywesha." Mtama wake ulikuwa bado haujatoa masuke na tayari alikuwa anapanda mteremko na kambare wawili kwenye ufito, na wale wachungaji waliocheka walikuwa wanamuuliza leo umetumia nini. Aliwaambia wakalinde ng'ombe za baba zao.

Ningu nao, samaki wanaopanda mto kutaga, walipita wakati ule, wachache. Wazee wanasimulia kwamba zamani mvua zikikolea ningu waliingia kwenye vijito mpaka watu wanawachota kwa vikapu. Masika yale walipita kidogo tu, na miaka iliyofuata hata hao kidogo hatukuwaona. Kila mtu ana maelezo yake. Nyavu, miti iliyokatwa huko juu, maji yaliyobadilika rangi. Jirani hakuwa na maelezo. Alisema mto umechoka, kisha akabadilisha mada.

Yeye mwenyewe samaki hakumla, hata siku moja. Alisema ananuka kama nguo iliyolazwa na maji. Ghati alipika samaki kwenye sufuria ya peke yake, nje, na chungu cha jirani kilikaa mbali. Wala jirani hakumuuza samaki. Mimi ninayefanya biashara hiyo niliumia kuona kambare wazuri vile hawafiki gulioni, nikamwambia anipe nimuuzie, apate hata ya sukari. Akasema hawa ni wa nyumbani. Waliobaki aliwakausha kwenye moshi juu ya jiko, mpaka nyumba nzima ikawa inanuka kile alichokichukia.

Na nyumbani kukoje? Hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Jioni alikuwa anamwekea Ghati sahani, ugali na samaki, anasema "Kula." Halafu anakaa kwenye kigoda mbele yake. Anamwangalia anavyokula, mpaka amalize. Mtoto alinenepa, mashavu yakarudi. Ghati naye alinawiri. Lakini sauti ya kwaya niliacha kuisikia. Jirani hakumruhusu kwenda mazoezi kanisani, alisema njia ina watu. Hakumruhusu kwenda gulioni peke yake. Akichelewa kisimani alimfuata. Ghati akiongea na mtu kwenye ua, jirani alitokea na kazi ya kumpa. Kelele hakumpigia, kumpiga ndiyo kabisa. Alikuwa tu kila mahali.

Siku moja Ghati alikuja kwangu kuomba chumvi, na chumvi alikuwa nayo. Alikaa kwenye gunia la mkaa. Nilimuuliza mambo yanaendaje, akasema wanakula vizuri. Nikamwambia hilo naliona. Akainamisha kichwa, akaanza kuchora chini kwa kidole cha mguu.

"Mama, nimechoka kulishwa," akasema. "Ananiwekea sahani ananiangalia, kama ndama wa kunenepeshwa. Hajawahi kuniuliza hata kitu kimoja. Hata nimelalaje."

Nikalibeba neno lile, nikasubiri siku ambayo jirani amerudi na kambare mkubwa, ili nimkute ana moyo mweupe. Nikamwambia kwa kuzunguka, kisha nikaona kuzunguka hakufai, nikamwambia wazi. Mama, huyu binti ana njaa ya maneno. Muulize habari zake. Mwachie siku moja aende kanisani aimbe. Wewe kule mtoni unamwacha samaki aende kwanza, mbona huyu unamshika hivi?

Alikuwa anaparua ute wa kambare kwenye jiwe langu. Hakuinua uso.

"Samaki akienda na ndoano nanunua nyingine," akasema. "Huyu akienda, nanunua nini?"

Alikuwa anaogopa. Mwanamke yule aliyetukana wachungaji na kukaa juu ya mwamba penye mamba alikuwa anaogopa msichana aliyekuja kuomba chumvi asiyoihitaji. Aliendelea kuparua mpaka akamaliza, akaosha jiwe langu vizuri, akaenda zake.

Tulipomaliza kuvuna ulezi maji yalikuwa yamesafika na mto umepungua, wakati ambao wavuvi wengi wanaacha kwa sababu samaki anakuona kabla hujamwona. Jirani hakuacha. Alishajua kutambaa, alishajua uzi mwembamba, alishajua vidimbwi vilivyobaki chini ya kingo ambamo wakubwa wanajificha. Alifika mahali ambapo hakuwa anabahatisha. Siku moja alipita jikoni kwangu amembeba kambare mgongoni, mkia unagusa visigino vyake, na uso wake, ambao sijui nimeuangalia miaka mingapi, ulikuwa umefunguka. Aliniambia, Mjaluo, njoo umwone. Nikamwambia namalizia kikaango, nakuja.

Nilipovuka ua nilimkuta amekaa kwenye kigoda. Samaki alikuwa chini mchangani, siafu wameshaanza. Mlango ulikuwa wazi. Nguo za Ghati hazikuwa kwenye kamba, wala za mtoto. Uwanja ulikuwa umefagiwa kwa mistari mizuri, mpaka nyuma ya zizi.

"Amefagia," jirani akasema.

Wazee walikaa, kama inavyotakiwa. Walituma watu Itiryo, na baba yake Ghati akaapa hajamwona, baadaye ikajulikana Ghati alivuka mpaka pale Sirari. Wazee walikuwa tayari kuendelea, mila iko wazi na mtoto ni wa nyumba ile. Jirani ndiye aliyekataa. Alisimama mbele ya kikao akasema, mkimleta kwa kikao, nitamfunga wapi? Walimwona amechanganyikiwa. Mimi niliona ni mara ya kwanza amesema jambo la maana kuhusu Ghati, na amelisema kwa watu wasiohusika, na limechelewa.

Msimu uliofuata ndugu wa marehemu walilima kipande cha chini cha shamba lake. Walisema wanamsaidia. Mwaka mwingine wakalima cha kati. Hakuwazuia. Alikuwa mtoni.

Aliendelea kuvua, na hilo ndilo lililowashangaza watu. Zamani tulijua anavua kwa ajili ya nani. Sasa alikuwa anarudi na samaki, ananipitishia juu ya minyaa, bila bei, bila neno. Nikimpa hela aliziacha juu ya jiwe. Alizidi kujua. Wavuvi wa kweli, wanaume, walianza kuja kumwangalia akitupa, na samaki nao wakawa wanapungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ilifika mahali mto mzima ukawa hauna samaki na yeye peke yake anampata mmoja. Nilipomwambia apumzike aliniuliza apumzike afanye nini. Nilikasirika naye, nikamkasirikia Ghati, nikawakasirikia wezi wa ng'ombe, na hasira yangu haikumleta mtu.

Masika haya yaliyopita nilikwenda Migori kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Wakati wa kurudi nilishuka Isebania kununua vitenge, na kwenye vibanda vya nguo nikasikia mtu anaimba. Niliijua sauti kabla ya sura. Ghati alinikumbatia, akalia, akacheka, akaniita mama mbele ya wateja. Ana mume, ni Mjaluo, fundi wa pikipiki. Ana mtoto mwingine mgongoni. Yule mkubwa alitoka shule na begi lake, mrefu, ananiamkia kwa Kiswahili cha Kenya, na jina analotumia shuleni si lile alilopewa kwetu. Alipoulizwa anakwenda wapi alisema anakwenda kwa dana, yaani bibi yake, mama wa yule fundi. Ghati aliniuliza habari za watu wote wa kijiji, mmoja mmoja, akamwacha jirani mpaka mwisho. Kisha akauliza kama bado yuko hai. Nikasema yuko. Akasema basi, akanifungia kitenge.

Safari nzima ya kurudi nilijiuliza kama nimwambie. Nilipofika sikukaa, niliteremka mtoni nikiwa na viatu vya harusi. Nilimkuta kwenye mwamba, amekaa, kivuli nyuma, kidole chini ya mshipi. Amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akasema viatu hivi vitanivunja shingo.

Nikamwambia nimemwona Ghati.

Hakugeuka. Akauliza kama mtoto anakula. Nikasema anakula, amekua, anasoma. Akauliza anaishi kwa nani. Nikamwambia ukweli, mume, mtoto wa pili, jina jipya, na dana. Hilo la dana nilitaka kulimeza lakini lilinitoka.

"Kwa watu wako," akasema.

"Kwa watu wangu, mama."

"Basi hawarudi."

"Hawarudi."

Mshipi ukaanza kusogea. Niliuona na yeye aliusikia kwenye kidole. Ulikwenda, ukasimama, ukaenda tena, naye alimwacha. Kisha akainua mkono, taratibu, na nikaona yale yote aliyokuwa ananieleza jikoni kwangu, yote kwa pamoja, bila haraka. Samaki alikimbilia chini ya jiwe, akampa uzi. Akakimbilia mkondo, akampa uzi. Alipochoka alimleta pembeni kwa vidole viwili, akamshika nyuma ya mapezi, akampandisha mwambani. Kambare wa namna ile sikuwa nimemwona tangu siku nilipomwona yule wa mgongoni. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba nimekuja na habari mbaya.

Alimlaza katikati yetu. Akaukunja mshipi, akaichomoa ndoano, akaifuta kwenye gauni. Nikamwambia, ili tu niseme kitu, kwamba kwa ufundi huu, kama angeanza nao tangu mvua ile ya kwanza, labda mambo yangekuwa mengine.

Akatikisa kichwa. Alikuwa anaangalia ng'ambo, kwenye miamba ya yule mvuvi wa zamani, ambako siku hizi hakuji mtu.

"Siku ile nilikuta mifupa kwenye sahani," akasema. "Alimla samaki wa jana yake mzima, akamkwangua mpaka kichwa. Aliosha mikono, akafagia, akaondoka." Akaninyooshea ufito nimtunge yule kambare. "Alishiba, Mjaluo. Siku anaondoka alikuwa ameshiba."